Heshima ya Mkwe wa Suna

Katika vijiji vinavyozunguka soko la Kosele, hakuna mlango ambao Bathsheba hakuwa amepata kuupigia hodi. Alikuwa mhudumu wa afya ya jamii, mjane wa miaka hamsini na kitu, mwenye koti la buluu lililopauka mabegani na mkoba uliobeba kipima presha, dawa chache za malaria na utepe wa kupimia mikono ya watoto. Kazi hiyo aliianza zamani, wakati mhudumu alipotakiwa kuuliza mambo mawili matatu tu: kama pana choo, kama watu wanalala ndani ya chandarua, kama mtoto amechanjwa. Yalikuwa maswali mepesi, na majibu yake yalionekana kwa macho. Choo ama kipo ama hakipo.

Miaka ya karibuni maswali yalibadilika. Sista Nyaboke, muuguzi kutoka upande wa Kisii aliyesimamia zahanati yao, aliwakusanya wahudumu wote kwenye ukumbi wa kanisa akawaeleza kwamba nchi nzima ilikuwa na ugonjwa usiopimika kwa kipima joto. Vijana, alisema, wanaanza bangi na majani ya muguka yanayolevya wakingali na sare za shule ya msingi. Wanaume wa makamo, wenye kazi na wake na watoto, wanakunywa kwa siri kutoka chupa ndogo zinazoingia mfukoni. Na wazee waliobaki peke yao, baada ya watoto kuhamia mijini, wanameza vidonge vya usingizi kama peremende. Chini ya yote hayo kuna huzuni, na huzuni hiyo haichagui umri.

“Msiwaulize tu wanakunywa nini,” alisema. “Waulizeni wanalalaje.”

Akawafundisha maswali, moja baada ya jingine, kwa Kiswahili, kwa kuwa ndivyo yalivyokuja kutoka Nairobi. Akawafundisha na dalili pia: mtu anayeinamisha kichwa, asiyekutazama machoni, anayezungumza kwa sauti ya chini, anayesogeza chakula kando, anayejitenga na wenzake. Swali la mwisho ndilo lililowafanya wahudumu wale, wote wanawake, wasogeze viti vyao. Lilihusu mtu kutamani kufa. Kwao jambo hilo halikutajwa hata matangani, na aliyelitaja nyumbani kwa mwenziwe alihesabiwa kuwa ameliingiza kwa mlango. Sista Nyaboke aliwahakikishia kwamba kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Walimsikiliza kwa adabu. Baadaye, wakila mandazi, mmoja alisema kwamba Sista alikuwa mtu wa kwao, Kisii, na huenda huko mambo ni tofauti.

Bathsheba aliyauliza maswali hayo kama alivyoagizwa. Aliwauliza wavulana waliokuwa wakitafuna muguka nyuma ya banda la kuchomelea vyuma, wakamjibu kwa Sheng wakidhani haelewi. Alimwuliza Risper, bibi kizee aliyeishi peke yake na kopo lake la ugoro.

“Unaniuliza kama nina huzuni?” Risper alisema, akipiga chafya. “Mume wangu alikufa. Meno yangu yamekufa. Hata ng’ombe wangu wamekufa. Wewe ulitaka nicheze ngoma?”

“Nataka tu kujua, Dani,” Bathsheba alimjibu, akimwita bibi kama wajukuu wanavyomwita.

“Basi jua. Lakini usiende kuwaambia wale wa zahanati. Waambie nina mafua.”

Alipokuwa akirudi nyumbani jioni, miguu yake ikiwa mizito kwa vumbi na vilima, alikuwa na desturi ya kukumbuka njia aliyoipita akiwa msichana kwenda shule ya misheni. Njia hiyo ilipita karibu na boma la mzee mmoja, na uani mwa boma hilo palikuwa na chungu kikubwa cha pombe ya nafaka, kimezungukwa na wazee wenye mirija mirefu. Kijana aliyesogea alifukuzwa kwa fimbo. Walimu wao waliwafundisha nyimbo za kuikataa pombe, na yeye na wenzake waliamini kwamba chungu kile ndicho kilikuwa dhambi kubwa kuliko zote duniani. Walikipita mbio, wameshika sketi zao. Sasa alijikuta akikitamani chungu kile. Angalau kilikaa katikati ya ua, mchana, na kila mtu alijua nani ameketi kando yake na nani ameinuka.

Katika uchovu huo wote, alikuwa na faraja moja, nayo ilikuwa mkwe wake.

Gordon alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya upili ya kutwa mjini Migori, na yeye na Lynnet, binti pekee wa Bathsheba, walikaa Suna. Alikuwa amesomea ualimu Rongo, na siku za uchumba alikuwa kijana wa maneno mengi na kicheko cha kusikika mbali. Bathsheba alikuwa na wasiwasi kidogo wakati ule. Kwa Wajaluo, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawasogeleani ovyo. Hawapeani mikono, hawatazamani usoni, hawali pamoja, na maneno kati yao hupimwa. Mama mkwe huitwa maro, na neno hilo lenyewe hutamkwa kana kwamba limewekwa juu ya sahani. Alijiuliza kijana mwenye kicheko namna ile angewezaje kuubeba ukwe.

Lakini Gordon alikuwa ametulia mwaka hadi mwaka, na heshima yake ilizidi kukolea. Desemba iliyopita alikuja Kosele na mkewe, akaketi kwenye ncha ya kiti, kichwa kimeinama, macho chini. Alijibu salamu kwa sauti ambayo watu walilazimika kuinamia ili waisikie. Alipoletewa kuku, alikula tonge mbili, akanawa. Wanaume wenziwe walipotoka kwenda kutazama mpira, yeye alibaki akitazama mikono yake. Wanawake wa kanisa la Sabato waliokuja kusaidia kupika walinong’ona jikoni kwamba mkwe kama yule siku hizi hapatikani. Bathsheba alisonga ugali akiwa na furaha iliyomfanya asahau mgongo wake. Ni kweli aliona kwamba shati lilikuwa limempwaya shingoni. Alisema moyoni kwamba watoto wa shule wanamchosha mwalimu.

Mwezi wa sita familia iliandaa ibada ya kumkumbuka marehemu mume wake, na ilibidi mkwe apewe taarifa kwa njia inayostahili. Alitumwa Zablon, seremala mzee, binamu wa marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga wa ndoa ile. Zablon alipenda safari za ushenga kwa sababu mshenga huandaliwa vizuri popote aendapo. Aliondoka na koti lake la Sabato akarudi siku ya pili, akaketi barazani kwa Bathsheba, akapewa chai.

Alieleza safari yote tangu mwanzo. Alieleza nyama aliyopikiwa na Lynnet, na jinsi ilivyolainika. Kisha akafika kwa Gordon.

“Mama Lynnet, nimetembea nyumba nyingi, lakini mkwe wako ni mtu wa heshima,” alisema. “Hakunitazama usoni hata mara moja. Kichwa chini, sauti chini, kama bi harusi. Nyama yote ile nilikula peke yangu, yeye alikaa tu. Nikamtania, nikamwambia, wewe kijana, ulinipa jogoo mwembamba siku ile ya mahari, bado nakudai. Unajua alifanya nini? Alisema, samahani, mzee. Alisema samahani!”

Zablon alicheka, akanyoosha kikombe aongezewe.

Bathsheba alikuwa ameshika birika. Hakummiminia. Alisimama pale barazani, na kile alichokuwa akikiona kwa miaka miwili kikajigeuza mbele yake. Maana Zablon hakuwa mama mkwe. Zablon alikuwa mshenga, na mshenga na bwana harusi hutaniana mpaka waingie kaburini. Hula sahani moja, hutukanana wakapigana makofi mgongoni, na jogoo yule mwembamba walikuwa wamemgombania kwa vicheko katika kila sherehe tangu ndoa ifungwe. Hakuna desturi duniani iliyomtaka Gordon ainamishe kichwa mbele ya Zablon. Kama aliinamisha, basi hakuwa akiinamisha kwa heshima. Na kama kwa Zablon haikuwa heshima, pengine hata kwake yeye haikuwa. Kichwa chini, macho chini, sauti chini, chakula kando. Alikuwa ameyasikia hayo kwenye ukumbi wa kanisa, akawafundisha wahudumu wapya, akayatafuta katika nyumba za watu vijiji vizima, na yalipokuja kuketi sebuleni kwake mwenyewe aliyapikia kuku na kumshukuru Mungu.

“Chai, Mama Lynnet,” Zablon alimkumbusha.

Alipoondoka mzee huyo, Bathsheba alimpigia binti yake simu. Lynnet alisema walikuwa salama. Mama yake akamwuliza Gordon analalaje. Lynnet akasema analala. Akamwuliza tena, swali lile lile, kwa sauti ile ile, kama alivyofanya kazini watu walipompa jibu la kwanza ili aende zake. Na binti yake akaanza kulia.

Ilichukua muda mrefu kupata habari yote. Gordon alikuwa akinywa kutoka zile chupa ndogo, peke yake, ndani ya stoo, kisha anatafuna tangawizi kabla ya kwenda darasani. Hakuwa mlevi wa kupiga kelele. Alikunywa kama mtu anayemeza dawa. Aliamka alfajiri na kukaa kitandani, miguu sakafuni. Majuma machache yaliyopita alianza kugawa vitu vyake. Suti ya harusi alimpa mlinzi wa shule. Viatu vizuri alimpa jirani. Redio aliyokuwa akiifungua na kuiunganisha upya tangu akiwa mwanafunzi alimpa fundi wa sokoni bila kutaka chochote. Kaka zake waliitwa. Walimwambia awe mwanamume, wakarudi kwao Uriri.

“Mbona hukuniambia?” Bathsheba aliuliza.

“Ningekuambiaje, mama? Wewe ni maro wake. Alinisihi. Alisema ukijua, hataweza tena kukanyaga Kosele.”

Sista Nyaboke alikuwa amewafundisha maana ya mtu kugawa vitu vyake. Bathsheba hakuhitaji kuelezwa tena. Kuna mtu aliyepaswa kumwuliza Gordon lile swali la mwisho, tena upesi. Lynnet aliogopa jibu. Kaka zake Gordon walikuwa wamekwisha kusema yao. Zablon angerudi na sifa za nyama. Alifikiri kumtafuta mhudumu wa Suna, akampata kwa simu. Alikuwa mwanamke mwema, lakini alikuwa amekwisha kufika katika nyumba ile mara mbili, na mwalimu alimjibu kwa adabu kwamba hana tatizo lolote, akamsindikiza hadi langoni.

Alibaki yeye, mtu pekee katika ukoo wote aliyekatazwa na desturi kumwuliza mwanamume yule hata kama amekula.

Alifika Suna kesho yake mchana. Mama mkwe hafiki kwa mkwe wake hivyo, bila taarifa, bila wanawake wenziwe na vikapu vya chakula. Majirani walisimamisha kazi zao wakamtazama akipita. Alikuwa amevaa koti lake la buluu na kubeba mkoba. Lynnet alitoka mbio kumpokea, akataka kumwingiza ndani. Bathsheba akakataa. Aliomba kiti kiwekwe barazani, chini ya dirisha la sebule, na pazia lisifunguliwe. Gordon alikuwa ndani. Hakuwa amekwenda shule juma lile. Bathsheba aliweza kusikia kochi likilalamika mkwe wake alipoketi upande wa pili wa ukuta.

Gordon akamsalimu kwa Kijaluo, salamu ndefu ya heshima, sauti yake ikiwa karibu na sakafu.

Bathsheba alikuwa amelifikiria jambo hili tangu Kosele. Kwa Kijaluo yeye alikuwa maro. Kila neno la lugha ile lilijua hivyo, na swali lile lingekwama kooni mwake kama mwiba wa samaki. Lakini Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya ofisini, lugha ya askari na karani na daktari mgeni. Hakuna aliyemlea mtoto wala kumwoza binti kwa Kiswahili katika nchi ile. Ndani ya Kiswahili mtu angeweza kuwa mfanyakazi tu.

“Habari za mchana, mwalimu,” alisema. “Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Naitwa Bathsheba.”

Kisha sauti ya Gordon ikaja polepole, kwa Kiswahili, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu mmoja.

“Mama, nakujua.”

“Unamjua mama. Mhudumu hujakutana naye.”

“Na mhudumu wa Kosele anafuata nini Suna? Huku si eneo lako.”

“Mwenye eneo nimemwomba ruhusa. Sasa nikuulize, ama nikapumzike?”

Ndani kulisikika pumzi iliyokuwa karibu kuwa kicheko. “Uliza,” alisema.

Akauliza. Alianza na usingizi, kama alivyofundishwa, akaja kwenye chakula, akaja kwenye uchovu, akaja kwenye mambo ambayo mtu aliyafurahia zamani na sasa hayamfurahishi. Gordon alijibu kwa ufupi, kama mwanafunzi aliyesimamishwa. Karibu kila siku, alisema. Ndiyo. Karibu kila siku. Kuhusu pombe alisema anakunywa ili alale, kisha usingizi ukikatika anakunywa ili asifikiri. Alipoulizwa yalianza lini, jibu lilirefuka.

“Mwaka juzi. Lakini hakuna kilichotokea, mhudumu. Hilo ndilo linalonichosha. Watu wanauliza, ni nini kilitokea? Hakuna aliyekufa, sikufutwa kazi, mke wangu ni mwema. Sina la kuwaonyesha. Niliamka tu siku moja, nikakuta kila kitu kimekuwa mbali.”

Bathsheba hakusema pole. Maro ndiye angesema pole. Aliweka mikono yake juu ya mkoba, akalitamka swali la mwisho neno kwa neno, bila kulipunguza.

“Je, umewahi kufikiri kwamba ni afadhali ungekufa, au kufikiri kujiua?”

Kinu cha kusaga nafaka kilikuwa kikinguruma upande wa barabara. Kuku wa jirani aliingia barazani, akatazama, akatoka. Bathsheba alijiambia kwamba kama mwanamume yule angeinuka na kufunga dirisha, hangekuwa na neno jingine la kutumia katika lugha yoyote. Na kwamba huenda hiyo ndiyo ingekuwa mara yake ya mwisho kumsikia.

“Ndiyo,” Gordon alisema.

“Hata leo?”

“Leo asubuhi.”

“Kuna kitu ulichokiweka tayari kwa jambo hilo?”

“Kipo.”

“Basi usinionyeshe mimi. Mwite Lynnet umkabidhi, akitoe katika nyumba hii sasa hivi, mimi nikiwa hapa.”

Alimsikia akiinuka. Alimsikia akimwita mkewe kwa jina, kisha nyayo zao zikielekea stoo. Muda mfupi baadaye Lynnet alipita uani akielekea kwa jirani, amekumbatia kitu kilichofungwa ndani ya gunia. Bathsheba aligeuza uso wake ukutani mpaka binti yake aliporudi.

Walikwenda hospitali watu watatu, kwa miguu, Lynnet katikati. Gordon alitembea nyuma kidogo, kama ilivyompasa. Kwenye kliniki ya afya ya akili palikuwa na ukumbi mwembamba na mabenchi yaliyojaa tangu asubuhi. Mvulana mwenye sare ya shule, macho mekundu, alikuwa ameshikwa mkono na mama yake kana kwamba angeweza kupeperuka. Msichana wa chuo alikuwa amejifunika kichwa kwa leso. Mzee mwenye kofia alihesabu vidonge vyake kiganjani, akavirudisha, akavihesabu upya. Mwanamume mmoja Mkuria, aliyekuja kutoka upande wa mpakani, alisinzia akiwa amesimama. Bathsheba aliwatazama na kuhisi uchovu ambao haukuwa wa safari. Kila jibu alilokuwa akilikusanya nyumba hadi nyumba kule Kosele lilikuwa limeketi pale likingoja kuitwa. Aliyeita alikuwa mtu mmoja.

Mtu huyo, daktari msaidizi aliyeitwa Monari, aliwapokea jioni, sauti yake ikiwa imekwisha. Alimsikiliza Gordon peke yake kwa muda mrefu. Kisha akawaita wote akawaeleza kwamba huu ni ugonjwa, na unatibika, lakini si kwa haraka. Kwamba Gordon asiache pombe kwa siku moja bila uangalizi, kwani mwili uliozoea unaweza kumwangusha. Kwamba kuna dawa, nyingine zipo na nyingine itabidi watafute nje. Kwamba arudi kila juma. Akaongeza kwamba kwa miezi michache ya mwanzo lazima awepo mtu wa kumwuliza hali yake kila siku, yaani kumwuliza kweli. Akataka kujua ni nani.

Lynnet alimtazama mumewe. Gordon alikuwa akitazama sakafu.

“Mhudumu aniulize,” alisema kwa Kiswahili.

Ndivyo ilivyokuwa. Kila jioni, akishamaliza mizunguko yake, Bathsheba aliketi kwenye kigoda nje ya jiko akapiga simu Suna. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Mhudumu aliuliza, mwalimu alijibu. Siku nyingine alisema amelala vizuri, siku nyingine alisema hakulala. Kuna jioni ambazo alisema mwenyewe, kabla hajaulizwa, “Nimekunywa,” na mhudumu alimwuliza kiasi gani, na kama amekula, na kama lile wazo limerudi. Liliporudi alimwambia ampe Lynnet simu. Likaja juma ambalo dawa zilikosekana katika mji mzima, naye Gordon akarudi nyuma, akalala siku tatu akitazama ukuta. Walianza tena.

Kosele haikukosa maneno. Wanawake wale wale waliomsifu mkwe Desemba sasa walinyamaza Bathsheba alipoingia ibadani. Ibada ya ukumbusho ilipita, Gordon hakuja, na mahali pake palionekana na kila mtu. Zablon alikuja kumwonya kwa niaba ya ukoo, akiwa amevaa koti lake la Sabato, ingawa ilikuwa Jumatano.

“Mama Lynnet, watu wanasema unampigia mkwe simu kila siku kama msichana aliyechumbiwa.”

“Waambie ni kazi.”

“Kazi gani ya maro na mkwe?”

“Ukitaka kujua, wewe mshenga, mpigie mwenyewe. Mtukane kuhusu jogoo wako. Na asipokujibu, usile nyama ukanyamaza. Njoo uniambie.”

Zablon aliondoka akiwa amekasirika. Lakini baada ya siku kadhaa alipiga simu Suna, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu aliyependa habari njema. Na akaendelea kupiga, kila Jumapili, kumtukana Gordon polepole, kwa uvumilivu wa seremala anayepiga randa ubao mgumu.

Mwezi wa kumi Gordon alirudi darasani nusu siku. Hakuwa amepona. Alikuwa akisema hivyo mwenyewe, kwamba yuko kama mtu anayetembea ndani ya maji ya magotini. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na njia za Kosele ziligeuka utelezi. Siku moja Bathsheba alikuwa amezunguka tangu asubuhi. Alikuwa amewafikia wavulana wa bandani, wakawa wachache kuliko zamani, na hakupata kujua waliopungua wamekwenda wapi. Alimkuta Risper kitandani, hataki hata ugoro wake. Jioni aliketi jikoni kwa sababu ya mvua, viatu vyake vimejaa tope, akapiga simu kabla ya kuvivua.

Aliuliza maswali yake. Gordon alijibu. Alikuwa amelala saa nyingi. Alikuwa amekula wali na samaki, na hakuwa amekunywa tangu Sabato. Bathsheba alimshukuru kama mhudumu, akataka kumuaga.

“Mhudumu,” Gordon alisema, “ngoja. Wewe unalala?”

Alitaka kusema analala. Neno lilikuwa tayari, lile lile ambalo watu wote walimpa mlangoni. Mvua ilipiga bati. Tangu mume wake afe, hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza jambo hilo, na yeye mwenyewe hakuwa amejiuliza. Alikuwa na maswali ya kupeleka kwa watu wengine.

“Mwalimu, mimi niko kazini.”

“Hata mimi nilikuwa kazini. Nakuuliza unalala?”

“Silali,” Bathsheba alisema. “Sijalala vizuri kwa muda mrefu sana.”

“Tangu lini?”

Alivuta kigoda karibu na moto, akavua viatu vyenye tope, akaanza kumweleza.